Uzi Niliokata Kitakoni

Sharon, siku ya mwisho ya kazi yangu ulinipa daftari ukaniambia niandike yale ambayo hayamo kwenye faili, ili wewe na wenzako mliobaki myasome. Nimekaa nalo mezani hapa nyumbani Umoja wiki kadhaa bila kuandika kitu. Mzee Okumu alikuwa amefariki muda mfupi kabla ya hapo, na kila nilipotaka kuanza nilijikuta nataka kwanza nimuulize yeye nianzie wapi. Hatajibu. Kwa hivyo naanzia pale nilipoanzia kazi, kwenye sinki.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo nilivyopata unaweza kuvihesabu kwa mkono mmoja na vidole vikabaki, na mishahara mnaijua wenyewe.

Niliajiriwa kuosha vyombo vya maabara. Shule nilikuwa nimeachia kidato cha pili. Ghala letu la makumbusho lilihifadhi vitu vya zamani: viondo, yaani vikapu vya kusuka kwa mkono, leso, ngozi, shanga, mavazi ya makanisa. Chumba chetu kilikuwa na swali moja tu: rangi iliyo kwenye kitu hiki imetoka wapi? Ni gome, mzizi, jani, mdudu, au kiwanda? Watu wa nje walidhani tunapaka rangi. Jirani yangu mmoja aliniomba miaka mitatu mfululizo nimpakie rangi geti lake, na sidhani aliwahi kuamini kwamba sijui.

Siku ya kwanza nilitaka kuonekana mchapakazi. Nilikuta vitambaa vyeupe vimekunjwa kando ya sinki pamoja na chupa ndogo za kioo, nikaviosha vyote kwa sabuni ya unga niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Vilitakata. Mzee Okumu, ambaye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa chumba, aliingia akanusa hewa.

"Nani amekutuma uoshe na hii?"

"Hakuna, Mzee. Niliona ni vichafu."

"Havikuwa vichafu. Sasa ndio vimekuwa vichafu."

Hakupandisha sauti. Alifunga pazia, akawasha taa moja yenye mwanga wa zambarau ambao macho hayauoni vizuri. Vitambaa vyangu viliwaka buluu kama kibao cha duka la simu. Koti langu liliwaka. Hata meno yangu, alisema, yalikuwa yakiwaka, kwa hivyo afadhali nifunge mdomo nisikilize. Akanieleza kwamba sabuni ya unga ina dawa ya kung'arisha nguo, na dawa hiyo hushika kwenye nyuzi. Ukiosha nayo kitu cha zamani, taa itamdanganya kila atakayekipima baadaye. Aliosha vile vitambaa upya yeye mwenyewe, kwa maji matupu, mara nyingi sana, huku mimi nimesimama. Kisha akaniuliza jina la mtoto wangu wa kwanza. Kutoka siku hiyo akaniita Mama Njeri, wakati ambapo ofisini nilikuwa bado "yule wa sinki".

Alikuwa ametia nyuzi rangi miaka mingi katika kiwanda cha mablanketi Industrial Area, mpaka kiwanda kikafungwa. Kucha zake hazikuwahi kurudia rangi ya kucha. Alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, mpole, mwenye kicheko kifupi kilichotokea puani. Chai yake alikunywa nje siku zote, hata mvua ikinyesha, kwa sababu alisema mtu anayekunywa chai kwenye chumba cha rangi siku moja atakunywa rangi. Mimi nilimcheka hadi siku nilipokunywa.

Alinifundisha bila kusema kwamba ananifundisha. Angeniachia lenzi mezani na nyuzi mbili nyekundu, aende zake. Akirudi ananiuliza, "Ziko sawa?" Nikisema ziko sawa, anaziacha pale hadi kesho yake. Siku ya tatu nilisema haziko sawa, moja nyekundu yake ina rangi ya chungwa ndani. Alizitoa mezani, akaweka nyingine mbili.

Vifaa vyetu havikuwa vya ajabu. Kibano bora nilichowahi kutumia ni kile cha akina mama cha kung'olea nyusi, nilikinunua Eastleigh, na kimeshinda vibano viwili vilivyotoka ng'ambo. Wembe mdogo. Bahasha za karatasi, kamwe si za nailoni. Na karatasi ya kupandisha rangi, ambayo ninyi wenye digrii mnaiita kwa jina lake refu. Unachemsha uzi mfupi kama kope kwenye dawa hadi uachie rangi, unaweka tone chini ya ukanda wa karatasi, unausimamisha ndani ya chupa yenye kimiminika kidogo. Kimiminika kinapanda, rangi zinapanda nacho, halafu kila rangi inasimama mahali pake. Mzee alisema ni kama wapangaji wa ploti wakitoka kazini jioni: wote wanaingia kwa mlango mmoja, lakini kila mtu anajua orofa yake.

Tulikuwa pia na daftari la nyuzi, lile ambalo sasa liko kwenye kabati lako. Kila ukurasa tuliutengeneza wenyewe. Tulichemsha magome, mizizi na majani kwenye sufuria juu ya jiko la makaa nyuma ya jengo, na shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, au bila shabu, na tope jeusi au bila tope, tukashona vipande vya nyuzi kwenye karatasi ili tuwe na cha kulinganisha. Siku tuliyofanya nili, mmea wa rangi ya buluu, nilidhani tumeharibu. Uzi ulitoka kwenye sufuria ukiwa na kijani cha mboga. Mzee akaunyanyua juu kwa kijiti, akaniambia nisiongee. Mbele ya macho yangu ukageuka buluu kwa sababu ya hewa tu. Nimeona jambo hilo labda mara mia tangu siku hiyo, na kila mara nimeacha nilichokuwa nikifanya.

Kuna kazi nilizopenda. Kanisa moja lilituletea kitambaa cha madhabahu kilichokuwa zambarau na sasa kimekuwa rangi ya chai. Mama aliyekuwa akikifua alikuwa amelaumiwa na chama kizima cha akina mama, akaacha kukaa viti vya mbele. Tulikuta kwamba ile ilikuwa zambarau ya kiwanda ya zamani, ya aina isiyovumilia mwanga, na upande wa chini uliokunjwa mbali na dirisha bado ulikuwa zambarau kabisa. Jua ndilo lililokifua. Niliandika hivyo. Nasikia yule mama alirudi mbele.

Lakini si kazi zote ziliisha hivyo, na moja ndiyo imenifanya nikubali kuandika.

Tulikuwa tunakusanya viondo vya zamani kwa ajili ya maonyesho. Mama mmoja kutoka Njiru, Mama Mutheu, alituletea chake kimefungwa kwa gazeti. Kilikuwa cha kahawia yenye wekundu, mistari miembamba, kazi ya mkono wa mtu asiyekuwa na haraka. Alisema ni cha nyanya yake, mama ya mama yake, aliyemlea Ukambani. Alikuwa na ndugu mmoja, Muli, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo hapo Njiru. Muli alikuwa akisema miaka yote kwamba nyanya hakuacha kitu, na kwamba dada yake alinunua kiondo sokoni akakitungia hadithi.

"Sikuja ili mkiweke kwenye kabati la kioo," alituambia. "Mkitaka mtaweka. Mimi nataka tu karatasi yenye muhuri, nimwonyeshe huyo mtu."

Mzee alijaza fomu: urefu, upana, aina ya nyuzi. Mimi nikakata uzi. Tulifundishwa, nami nimewafundisha ninyi, kwamba uzi wa kupima hukatwa pasipoonekana, ili kitu kisipate kovu. Nilikigeuza kiondo nikakata kitakoni, kwa ndani. Karatasi ilipanda vizuri: doa jekundu, doa la njano, doa la buluu, yote makali. Gome halifanyi hivyo. Gome huacha mburuzo wa kahawia chini ya karatasi, zito, kama mtu aliyechoka ngazi ya kwanza. Hizi zilikuwa rangi za unga za dukani zilizochanganywa ili zifanane na gome. Nikaandika hivyo: rangi za dukani, kiondo si cha zamani. Mzee aliniamini, akatia sahihi.

Mama Mutheu alisoma barua akiwa amesimama. Alisema, "Haya, asante," akafunga kiondo chake kwa gazeti lile lile. Sikumfikiria tena. Niseme ukweli, nilijivunia ile karatasi. Nilikuwa nimeibandika ukutani.

Miaka minne baadaye Mzee alikuwa amestaafu, yuko kwake Mowlem, nawe Sharon ukaja. Ulitaka kufanyia mazoezi mabaki ya nyuzi yaliyokuwa kwenye bahasha, nikakupa droo nzima. Siku ya pili ulikuja kwangu na bahasha moja na fomu yake, umeshika kama mtu aliyebeba maziwa.

"Mama Njeri, hebu nisaidie, hii imenichanganya. Huu uzi si ni katani?"

Niliangalia kwenye hadubini. Ulikuwa katani.

"Lakini fomu inasema kiondo ni cha nyuzi za gome. Ama nasoma vibaya?"

Hukuwa unasoma vibaya. Ulikuwa mwandiko wa Mzee, na Mzee hakukosea nyuzi. Kiondo kilikuwa cha gome na mimi nilikuwa nimepima katani. Niliketi. Kitako ndicho hulika kwanza kiondo kikiwekwa chini kila siku, na mtu anayekipenda hukishona upya kwa uzi alio nao. Nilikuwa nimekata pasipoonekana, na pasipoonekana ndipo kiraka huwekwa. Nilipima kiraka nikamhukumu mwenye kiondo. Niliangalia rangi, sikuangalia uzi.

Jioni hiyo nilipita Mowlem. Mzee alinisikiliza akiwa amenyoosha goti lake baya juu ya stuli.

"Nitawaandikia barua," nilisema.

"Barua ya kwanza iliwafanyia nini?"

Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye.

"Nani alikufundisha kukata kitakoni?"

"Ni wewe, Mzee."

"Na sahihi ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi tunaenda wawili. Jumamosi. Nitatafuta kofia."

Nilimwambia goti lake halitaki safari. Alisema goti halikutia sahihi.

Mama Mutheu alitufungulia, akatutambua, akatuketisha kabla ya kutuuliza tumeleta nini. Ndiyo adabu yake. Nilisema yote mara moja kwa sababu nilijua nikinywa chai yake kwanza nitashindwa: nilikata uzi wa kiraka, barua ni ya uongo, na kosa ni langu. Mzee akasema, "Letu." Mama Mutheu aliingia jikoni akarudi na kiondo. Alikuwa anakitumia kuwekea unga.

"Mimi sikuwahi kuhitaji mniambie ni cha nani," alisema. "Nimekula kutoka ndani yake tangu nikiwa na meno ya utotoni. Lakini ile barua Muli aliikuta kwangu, akaisoma mbele ya watu, siku ya kuleta posa ya binti yangu Mutheu. Aliisoma na sauti ya redio. Watu wakacheka. Mimi nikapakua chakula."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alimwaga unga kwenye beseni, akakung'uta kiondo, akanipa.

"Kata tena. Lakini safari hii ukimaliza usinipe mimi. Mpe yeye."

Nilikata nyuzi mbili, moja ya ubavuni mahali panapoonekana kabisa, moja ya kitakoni. Kovu la ubavuni liko hadi leo. Jumatatu mimi na wewe tulipandisha karatasi kando kwa kando, seti mbili. Ubavu uliacha mburuzo wa kahawia chini. Kitako kilitoa nyekundu, njano na buluu. Unakumbuka ulinipigapiga mgongoni.

Duka la Muli lina misumari, mabati, na kiti kimoja ambacho hampi mtu. Mimi, Mzee na Mama Mutheu tulisimama mbele ya kaunta. Muli alimsalimia Mzee kwa heshima, kisha akaona karatasi mkononi mwangu.

"Mama, hapa tunauza simenti. Mambo ya vikapu ni huko kwenu."

"Nimekuja kukuambia nilikosea," nilisema. "Barua uliyoisoma siku ile haikuwa kweli."

"Kwa hivyo sasa ni cha nyanya?"

Hapo ndipo ningeweza kumpa Mama Mutheu alichotaka kwa neno moja. Alikuwa ananiangalia. Nilisema, "Hilo siwezi kulipima. Naweza kusema nyuzi za ubavuni ni za gome na rangi yake ni ya gome, hakuna ya duka. Kitako kimeshonwa baadaye na mtu mwingine, kwa katani na rangi za unga. Nani alifuma, nani alishona, karatasi haijui."

"Kwa hivyo hujui."

"Najua mahali nilipokosea."

Muli alitoa kicheko, akamgeukia dada yake. "Umemleta huyu mbali hivi aje aseme hajui?"

Mama Mutheu aliinamisha macho, nami nikahisi nimemwangusha mara ya pili. Mzee ndiye aliyechukua ile karatasi. Aliilaza juu ya kaunta taratibu, kati ya boksi za kufuli, akaanza kumweleza Muli kama alivyokuwa akinieleza mimi: wapangaji, ngazi, orofa.

"Aliyeshona alikuwa fundi," Mzee alisema. "Hakuwa na gome. Alichanganya unga wa duka mpaka akapata kahawia ya mtu mwingine. Mimi nimefanya kazi hiyo kiwandani, si rahisi. Ona: nyekundu, njano, buluu."

"Haikuwa njano na buluu," Muli alisema.

Sote tulimtazama. Sidhani alikuwa amejua atasema.

"Ilikuwa nyekundu na kijani. Nilinunua nyekundu peke yake, mama akanirudisha dukani nilete kijani. Nililia njia nzima kwa sababu kulikuwa na jua." Aligusa doa jekundu kwa kidole. "Alikuwa anachanganya kwenye kikopo cha mafuta ya kupaka. Anajaribia kwenye ukuta wa nje, anatazama, anaongeza."

"Kijani cha dukani mara nyingi ni njano na buluu," nilisema. "Karatasi huzitenganisha."

Alitazama yale madoa muda mrefu. Mteja alikuja akaulizia bawaba, Muli akamwambia asubiri. Kisha akamuuliza dada yake, bila ile sauti ya redio, "Alikuwa anashona hicho?"

"Sijui," Mama Mutheu alisema. "Mimi nilikuwa kwa nyanya; kiondo kilikuja kwenu na chakula kikarudi. Wewe ndiye ulikuwa nyumbani."

Muli alivuta kile kiti chake kutoka nyuma ya kaunta akampa Mzee, kwa sababu ya goti. Aliomba abaki na karatasi. Tulikuwa na ya pili kwenye faili, nikamwachia, na niliporudi nikaandika kwenye faili kwamba nimemwachia na kwa nini. Barua ya zamani sikuitoa. Imo humo, na mpya iko juu yake. Mkikosea, msing'oe ukurasa.

Kiondo hakikuwahi kuja kwenye maonyesho. Mama Mutheu alisema unga wake ungekaa wapi. Lakini kila Krismasi alimletea Mzee mbaazi Mowlem, na wawili hao walibishana juu ya rangi ya magome kama watu waliosoma shule moja.

Mzee alipofariki nilishinda kwake siku zile zote tukipokea watu. Sikulia sana. Nilishika kazi ya vikombe. Kuosha ndiyo kazi niliyokuja nayo, na niliviosha kwa maji matupu kabla sijakumbuka kwamba vikombe vya chai havipimwi. Siku ya tatu mchana waliingia Mama Mutheu na Muli. Watu walikuwa wamelundika sukari na majani ya chai mezani kwa mifuko ya karatasi. Wao walikuja na kiondo. Kilikuwa kimejaa, na Muli ndiye aliyekibeba, amekikumbatia kwa mikono miwili, kitako kimekaa kwenye kiganja.

Kijana mmoja wa pale alinyoosha mkono akishike kwa mshipi mmoja, kama mtu anavyoshika mfuko.

"Pole pole, kijana," Muli alimwambia. "Shika chini. Hicho ni cha nyanya yetu."

Nilikipokea mimi. Nilitoa sukari, nikakigeuza. Kitako kimeanza kupauka kuelekea waridi, kama rangi za unga zinavyofanya. Ubavu bado ni ule ule. Nilipitisha kidole pale palipokatwa, nikakifuta kiondo kwa kitambaa kikavu, nikawarudishia.